Kiboko na Wazee Wake wa Dhahabu

Wenyewe mpo?

Tupo.

Masikio mmekuja nayo?

Tumekuja nayo, yote mawili.

Nikiongeza chumvi?

Tutaonja.

Nikikosea saa?

Hapo tutakukatiza.

Basi sogeeni. Saa sitaikosea.

Ilikuwa Jumatano, saa nne na robo asubuhi. Kiboko alikuwa mtoni anajichimbia kitanda kipya kwenye tope, kwa sababu kile cha zamani kilikuwa kimeanza kumbana kiunoni. Akachimba, paku, paku, paku. Mguu wake wa mbele wa kulia ukagonga kitu. Ko. Akagonga tena ili ahakikishe. Ko.

Akakivuta. Lilikuwa sanduku la mbao, bapa, na ndani yake mlikuwa na matundu kumi na mawili ya duara, yamepangwa manne manne. Kila tundu lilikuwa na sarafu moja ya dhahabu, isipokuwa la mwisho. La mwisho lilikuwa na tope.

Juu ya kila sarafu kulikuwa na kichwa cha mtu, kimetazama upande. Walikuwa makaisari wa Ulaya wa miaka ya elfu moja mia saba na kitu, na pembeni yao yaliandikwa majina na miaka kwa herufi ndogo sana. Alikuwepo Karoli wa Sita, mwaka 1730. Alikuwepo Fransisi wa Kwanza, mwaka 1751. Walikuwepo Elizabeti na Katerina, wote wawili wa Urusi. Alikuwepo Josefu wa Pili. Mtu fulani, zamani, alikuwa amewakusanya mmoja mmoja kwa uangalifu, kisha akawapoteza wote kwa pamoja.

Kiboko hakusoma majina. Alitazama shingo.

Mgongoni mwake alikaa Yangeyange, yule ndege mweupe. Kazi ya Yangeyange ilikuwa kula kupe. Kazi yake ya pili ilikuwa kukubali.

"Mtazame huyu," Kiboko akasema. "Shingo?"

"Nene, Bwana Mkubwa."

"Videvu?"

"Viwili."

"Ni wa kwetu."

Wakamtazama wa pili. Shingo nene, videvu viwili. Ni wa kwetu. Wakamtazama wa tatu. Shingo nene, videvu viwili na robo. Ni wa kwetu kabisa. Kichwani walikuwa na nywele za kubandika zenye mawimbi mawimbi, na Kiboko akaeleza kwamba yale ni magugu ya mto, mtu akiibuka majini hunasa hivyo. Wengine walikuwa wamevaa majani kuzunguka kichwa. Kiboko akasema hicho ni chakula cha njiani. Walipofika kwa Josefu wa Pili, ambaye shingo yake ni ya kawaida, Yangeyange alinyamaza. Kiboko akamtazama Josefu kwa muda, akasema, "Huyu aliugua."

Hivyo ndivyo Kiboko alivyogundua kwamba ukoo wake uliwahi kutawala dunia.

Hakumgeuza hata mmoja. Kumlaza mzee kifudifudi si adabu. Kwa hiyo wazee wake aliwajua upande mmoja tu, upande wa shingo.

Sasa, lile tundu tupu. Kabla ya saa nne na robo, Kiboko alikuwa hana sarafu hata moja na alikuwa mzima. Kufika saa sita alikuwa na sarafu kumi na moja na hakuweza kula. Kila akitafuna nyasi macho yanarudi kwenye tundu. Akatangaza kwamba yeyote mwenye kitu cha duara cha njano akilete, kuna mzee hajafika.

Wakaja. Kima akaleta ganda la chungwa. Kiboko akauliza shingo, Yangeyange akasema hana. Akauliza videvu, Yangeyange akasema hana. Basi si wa kwetu. Kobe akaleta alizeti iliyokauka. Shingo, hana. Videvu, hana. Si wa kwetu. Kicheche akaleta kiini cha yai, amekibeba juu ya jani, anatembea polepole kisimwagike. Shingo, hana. Videvu, hana. Si wa kwetu, na Kiboko akakila.

Saa tisa alasiri akatoa tangazo la pili. Wazee hawawezi kukaa kwenye tope. Wajengewe nyumba ya heshima ukingoni, mahali pa juu, na mahali panapofaa ni kile kichaka chenye njia safi. Ijumaa saa sita kamili mchana angepanda mwenyewe akilalie kile kichaka mpaka kiwe uwanja.

Kichaka chenye njia safi kilikuwa cha Sange.

Sange ni mnyama mdogo, mwenye pua ndefu isiyotulia na miguu myembamba kama vijiti vya kibiriti. Matakoni ana manyoya ya rangi ya dhahabu, kama aliyekalia ukuta ambao rangi yake haijakauka. Anaishi kwa kukimbia, na ili asijikwae hufagia njia yake kila asubuhi, jani moja moja, kutoka kiotani mpaka mtoni. Akimaliza hurudi kuangalia kama ameruka jani. Huwa hajaruka. Hurudi hata hivyo.

Siku hiyo alikuwa na watoto wawili kiotani, wenye siku tisa. Mtoto wa sange haondoki kiotani kabla ya siku kumi na nne, na mama hawezi kumbeba mbali. Sange akahesabu. Jumatano tisa, Alhamisi kumi, Ijumaa kumi na moja. Akahesabu tena akianzia Ijumaa kurudi nyuma. Ikabaki kumi na moja.

Lakini Sange alikuwa na kitu. Baada ya mafuriko ya mwaka uliopita alikuwa ameokota njiani, chini ya jani la tatu kutoka mtoni, sarafu ya dhahabu. Upande mmoja ulikuwa na mama mnene, na pembeni iliandikwa Maria Tereza, 1765. Upande wa pili ulikuwa na ndege mwenye vichwa viwili. Sange aliifanya sahani ya kuwekea mchwa wake wa kula, na aliutumia upande wa ndege, kwa sababu upande wa yule mama ulikuwa na mfereji kwenye nywele na mchwa walikuwa wakinasa humo. Kila baada ya kula aliiosha mtoni kwa mchanga. Haikuwahi kushika kutu wala doa. Dhahabu haishiki.

Alhamisi saa moja asubuhi Sange aliibeba sahani yake akaenda mtoni.

"Shikamoo, Bwana Mkubwa."

"Marahaba. Una nini matakoni?"

"Manyoya, Bwana."

"Ni dhahabu."

"Ni rangi tu."

Yangeyange akapendekeza Sange akae kwenye tundu tupu, kinyumenyume, waone. Sange akaiweka sarafu chini haraka, upande wa mama juu.

Kiboko akasogea mpaka pua yake ikagusa ukingo.

"Shingo?"

"Nene, Bwana Mkubwa," Yangeyange akasema.

"Videvu?"

Yangeyange akahesabu. "Vitatu."

"Mama yetu," Kiboko akasema. Macho yake yalikuwa yamelowa, ingawa yeye muda wote huwa amelowa. Akamchukua mama kwa mkono wenye maji akamtia kwenye tundu la kumi na mbili. Akaenea. Tik.

Sange akasema kwamba amefurahi kuona ukoo umetimia, na kwamba yeye hataki shukrani yoyote, ila tu kichaka chake kiachwe. Alikuwa ameyapanga maneno hayo njiani na aliyasema bila kukosea.

Kiboko akamshukuru. Akasema ukarimu wa namna hii hajawahi kuuona, na kwamba kwa kuwa sasa mama mwenyewe amefika, nyumba lazima iwe kubwa zaidi. Angekilalia kichaka chote na kile cha jirani. Ijumaa hiyohiyo, saa sita, lakini angeanza saa tano na nusu.

Hapo Sange alisimama pale pale, pua inacheza. Alitazama sanduku. Alitazama mkono wa Kiboko uliokuwa ukidondosha maji juu ya Karoli wa Sita, to, to, to. Sange ni mtu wa wasiwasi. Hata akiwa katika shida yake mwenyewe, akiona kitu kinafanywa vibaya hawezi kujizuia.

"Samahani, Bwana," akasema. "Huwa unawashika kwa mkono wenye maji?"

"Nina mkono mwingine?"

"Sijasema kitu."

"Umesema. Malizia."

Basi Sange akamalizia. Akamwambia kwamba wakusanyaji wote wa sarafu, popote walipo, hushika sarafu kwa mkono mkavu. Huishika pembeni, si usoni. Hawaipumulii. Hawaiachi juani. Hawaiweki mahali penye mtikisiko. Na maji, Bwana, maji hawayasogezi hata karibu.

Niseme hapa, msije mkanilaumu baadaye: kila alilosema lilikuwa kweli. Ni kweli kabisa kwa shaba. Kwa fedha ni kweli kwa kiasi. Kwa dhahabu, maji ni maji tu, ila hilo hakuulizwa.

Yangeyange, ambaye kwa kawaida hukubali, siku hiyo alikuwa ameshiba mapema. Akauliza mbona wazee walikuwa mtoni miaka yote hiyo, ndani ya tope, na hawakudhurika.

Sange hakumtazama Yangeyange. Alimtazama Kiboko.

"Walipokuwa mtoni walikuwa wamepotea, Bwana. Sarafu iliyopotea huvumilia maji. Jana mchana zimekuwa mkusanyo. Mkusanyo hauvumilii."

Kiboko akafikiri. Akatazama mkono wake. Akatazama kumi na wawili wake, wote wametimia, hakuna tundu. Kisha akapanda ukingoni, chururu, chururu, akajipangusa miguu kwenye nyasi, akakaa pakavu kando ya sanduku, na akapumua akitazama upande mwingine.

Ilikuwa saa moja na nusu asubuhi. Jua lilikuwa bado la kirafiki.

Saa tatu Sange akapita na njia zake. Ngozi ya Kiboko ilikuwa imeanza kukauka mabegani. Akauliza kama anaweza kwenda kulowesha mguu mmoja tu. Sange akasema bila shaka anaweza, ila akirudi asiwakaribie wazee kwa siku tatu, mpaka unyevu uishe. Kiboko akabaki.

Saa sita Sange akapita tena. Kiboko alikuwa anatoka lile jasho lake jekundu na ngozi ilikuwa inasema kwata, kwata kila akigeuka. Akauliza kama anaweza kulowesha mkia. Sange akasema bila shaka anaweza. Siku tatu. Kiboko akabaki. Alikuwa amewafunika wazee kwa kivuli chake, kwa sababu ya ile kanuni ya jua, na ili kivuli kitoshe ilibidi yeye asimame juani kabisa.

Saa tisa Kiboko alikuwa na rangi ya tofali. Akasema atamwachia Yangeyange awalinde, aingie mtoni kidogo tu. Sange akasema hilo ni wazo zuri. Kisha akauliza, kwa sababu alipenda kujua, Yangeyange huwa anafanyia wapi haja.

Kiboko akageuza shingo akautazama mgongo wake mwenyewe. Aliutazama kwa muda mrefu. Mgongo ulikuwa mweupe kuanzia mabegani hadi kiunoni.

"Shuka," akamwambia Yangeyange.

Yangeyange akashuka, akaenda kusimama mbali kwenye mchanga, akijifanya alikuwa anakusudia kwenda huko tangu asubuhi.

Saa kumi na moja jioni, Sange alipopita, Kiboko alisema kwa sauti ya mtu aliyemeza unga mkavu:

"Wewe mama. Unakaa wapi?"

"Kichakani, Bwana."

"Pakavu?"

"Pakavu."

"Jua linafika?"

"Halifiki."

"Nani anafagia?"

"Mimi. Kila asubuhi. Jani moja moja."

"Mikono yako ni mikavu?"

Sange akainua mikono yake. Ilikuwa mikavu.

"Basi utawaweka wewe."

Sange akasema samahani, hawezi. Kiboko akauliza hawezi nini, sarafu kumi na mbili zina uzito gani. Sange akasema si uzito. Angependa sana, ila kesho saa tano na nusu anahama, na mtu anayehama hawezi kupokea wazee wa watu, anaweza akasahau mmoja njiani.

"Nani kakuambia uhame?"

"Wewe, Bwana."

Ngozi ikasema kwata.

"Nimekukataza," akasema.

"Na hata nikibaki, Bwana, kuna ile kanuni ya mtikisiko. Wewe ukipita majani yanaanguka mpaka umbali wa hatua arobaini. Nimewahi kupima. Nikasema labda nimekosea, nikapima tena."

Kiboko akatoa tangazo la tatu, na la mwisho. Kichaka cha Sange ni nyumba ya wazee. Kisilaliwe, kisikanyagwe, kisiguswe. Yeyote aliye mzito kuliko yangeyange asikaribie hatua arobaini, wala yeye Kiboko asikaribie. Na Yangeyange, aliye mwepesi, asikaribie kwa sababu ambazo kila mtu anazijua.

Sange akawabeba mmoja mmoja, akiwashika pembeni, safari kumi na mbili, mbio mbio kwenye njia yake safi bila kujikwaa hata mara moja. Safari ya mwisho alimbeba mama. Kiboko akamwita.

"Bi Sange. Usiwalaze kifudifudi."

"Sitawalaza, Bwana."

Kiboko akageuka, akaukimbilia mto, akajitupa. Chubwiii. Maji yalipanda mpaka kwenye ukingo, na Yangeyange aliyekuwa amesimama mchangani akawa msafi kwa mara ya kwanza tangu masika.

Hadithi yangu nimeiweka chini. Anayeitaka aiokote, asiyeitaka asiikanyage.

Tumeiokota.

Na funzo mlibebe. La kwanza, ukitaka jambo kwa mkubwa, mpe zawadi tu, wakubwa hawasahau. La pili, wadogo tusijifanye tunajua namna ya kutunza mali za wenye mali. La tatu, na hili ndilo kubwa, sarafu za dhahabu zishikwe pembeni, kwa mkono mkavu, na kamwe zisioshwe.

Tumelibeba. Na kesho yake asubuhi?

Kesho yake asubuhi nani?

Sange.

Kesho yake ilikuwa Ijumaa. Watoto walikuwa na siku kumi na moja, wamelala. Sange aliamka akafagia njia yake, jani moja moja, kutoka kiotani mpaka mtoni, akarudi kuangalia kama ameruka jani. Kisha akala mchwa. Kisha, saa moja na dakika ishirini, akashuka mtoni na sahani yake, akachota mchanga, akaanza kuosha.

Matundu mawili ya pua yakaibuka majini, na baada ya pua macho mawili.

"Shikamoo, Bwana Mkubwa."

"Marahaba. Wazee wameamkaje?"

"Hawajambo."

"Hicho unachoosha ni nini?"

"Sahani."

Kiboko akasogea kidogo. "Ina picha."

"Ni ndege, Bwana. Ana vichwa viwili."

"Shingo?"

"Nyembamba. Zote mbili."

"Videvu?"

"Hana."

Kiboko akafikiri, akaanza kuzama taratibu.

"Si wa kwetu," akasema. "Isugue vizuri hapo pembeni, ina tope."

Sange akaisugua.